Doa Tupu Kwenye Ramani: Fundi wa Nakshi, Mkono Wake wa Kulia na MRI ya Ubongo

Ripoti ya kwanza ya MRI, kipimo cha kupiga picha za mwili kwa sumaku, ilikuwa na sentensi moja ambayo ingeweza kumgharimu fundi mkono wake wa kazi: "Shughuli ya mkono wa kulia imehamia upande wa kulia wa ubongo." Daktari wa upasuaji akiisoma na kuiamini, ataona njia nyeupe mbele yake. Uvimbe uko kushoto, kazi ya mkono imehama, basi kata kwa upana uondoe chote. Uchambuzi huu unahusu sentensi hiyo: ilitoka wapi, kwa nini ilionekana sawa, na jinsi ilivyovunjwa na kipimo cha dakika chache kisichohitaji dawa wala kifaa kipya.

Kisa nimekijenga kwa ajili ya kufundishia, na fundi mwenyewe ni wa kubuni. Mambo ya mashine, damu na ubongo yaliyomo ni ya kweli, na mtego wenyewe unawanasa watu kila mahali ambako kipimo hiki hutumika.

Fundi ni mtu wa miaka 46, mkaazi wa Kibokoni, Mombasa, anachonga nakshi za milango na fremu. Hutumia zaidi mkono wa kulia. Siku moja patasi ilimponyoka. Kidole gumba kilianza kucheza chenyewe, kikafuatwa na vidole vingine, kiganja, mpaka kwenye kiwiko, naye akili zake timamu, anaona na kusikia kila kitu. Kulipotulia, mkono ulibaki umelegea kwa muda. Jambo likajirudia. Nyumbani walikuwapo waliosema ni upepo. Akasomewa, akanywa kombe. Mkewe aliona dua na daktari havigombani, akampeleka hospitali.

Mshtuko unaoanzia kidoleni na kupanda hivi una jina la John Hughlings Jackson, daktari Mwingereza wa karne ya 19. Kwa kuutazama mwendo huo tu, bila picha yoyote ya ubongo, alikisia kwamba gamba la ubongo limegawanywa kieneo, kila eneo na kiungo chake. Mpaka leo maelezo mazuri ya mgonjwa, au ya mke aliyekuwa amesimama pembeni, hutuelekeza mahali pa kutazama kabla picha haijapigwa.

MRI ya kawaida ilionyesha uvimbe aina ya glioma, wenye sura ya kukua polepole, upande wa kushoto, sehemu ya nyuma ya eneo la mbele la ubongo. Ulikuwa umegusa ule mkunjo unaoendesha misuli. Katika mkunjo huo sehemu ya mkono hutambulika kwa macho: picha ikikatwa kwa ulalo, huonekana kifundo chenye umbo la herufi ya Kigiriki omega iliyopinduliwa. Kifundo cha fundi kilikuwa kimesukumwa kando kidogo, lakini bado kilionekana. Tatizo la glioma ni kwamba haina mpaka. Hupenya katikati ya seli nzima, na seli hizo huweza kuendelea kufanya kazi zikiwa ndani ya ugonjwa. Daktari wa upasuaji alitaka kujua kama kifundo bado kinaendesha vidole. Ndipo ikaombwa MRI tendaji.

Hapa lazima nitue, kwa sababu kosa lote la ripoti ya kwanza limeanzia hapa. Tunazoea kusema kwamba MRI tendaji huonyesha ubongo ukifanya kazi. Inachoonyesha ni damu. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington waliandika kwamba ubongo una namna ya kujiongezea damu pale unaposhughulika. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walithibitisha kwamba hemoglobini iliyobeba oksijeni husukumwa kidogo tu na sumaku, ilhali ile iliyokwisha kuitoa oksijeni huvutwa nayo. Mambo haya mawili yalikaa mbalimbali mpaka mwaka 1990, ambapo Seiji Ogawa na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba tofauti hiyo ya hemoglobini huonekana ndani ya picha za MRI. Kufikia 1992 makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yameiona kwa binadamu.

Mtu hutarajia kwamba eneo linalofanya kazi litatumia oksijeni, na hivyo damu yake itakuwa na upungufu. Kinachotokea ni kinyume. Mishipa midogo hutanuka na kuleta damu nyingi kuliko mahitaji, jambo ambalo Peter Fox na Marcus Raichle walilionyesha miaka ya 1980 kwa kipimo kingine. Hemoglobini isiyo na oksijeni hupungua mahali hapo, na picha hung'aa kidogo. Kidogo kweli: kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 badiliko huwa kama asilimia moja au mbili. Tena huchelewa, kilele chake hufika sekunde tano au sita baada ya seli za neva kuanza kazi.

Kwa hiyo tunachofanya ni sawa na kutaka kujua nyumba zipi mtaani zinapika kwa kutazama mikokoteni ya maji inayoingia kwenye vichochoro. Siku za kawaida hesabu hiyo hukaribia ukweli. Kichochoro kikizibwa, mikokoteni haiingii, na huko ndani watu wanaendelea kupika.

Siku ya kipimo fundi alipigwa kwanza eksirei ya macho. Hunoa patasi zake kwenye gurudumu la umeme, na chembe ya chuma iliyojificha jichoni inaweza kusogezwa na sumaku ikamharibu. Kulikuwa pia na pete, na hirizi iliyoshonewa ngozi yenye kipande cha bati ndani. Radiografa, kijana mwenye adabu zake, alimwambia: "Ami, hii mpe bibi akushikie mpaka utoke." Hirizi ikapokelewa kwa mikono miwili, na fundi akaingia bila kinyongo. Nalitaja hili kwa sababu mgonjwa aliyedhalilishwa mlangoni huingia mwenye hasira au hofu, moyo ukimwenda mbio na pumzi zikiwa fupi, na yote hayo yataingia kwenye picha zetu. Mapigo ya moyo huutikisa ubongo wenyewe. Pumzi hubadilisha kaboni dayoksaidi ya damu, nayo hubadilisha upana wa mishipa. Mwili wote uko ndani ya ile asilimia moja.

Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi: sekunde 20 kugusanisha kila kidole na gumba, sekunde 20 kupumzika, mizunguko sita, jumla dakika nne. Mashine ilipiga picha nzima ya ubongo kila sekunde tatu, zikawa picha 80. Kwanza mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Lugha nayo ilipimwa. Vipimo vingi vilivyoandikwa kwa Kiingereza humtaka mtu ataje maneno yanayoanza na herufi fulani. Ukimpa Mswahili herufi K, atakuletea vitenzi vyote duniani kwa kuwa vyote vinaanza na ku-, na M itamletea nusu ya watu na miti yote. Afadhali umpe aina. Fundi alipewa samaki, akawataja kimoyomoyo: changu, tafi, kolekole, nguru, pono. Ubongo wake uliwaka kushoto mbele, mbali vya kutosha na uvimbe, kama inavyotarajiwa kwa wengi wa watu wanaotumia mkono wa kulia.

Ramani ya mikono ndiyo iliyoleta shida. Mkono wa kushoto ulipocheza, kifundo cha upande wa kulia kiling'aa vizuri. Mkono wa kulia ulipocheza, lilionekana eneo la katikati linalopanga mwendo, ikaonekana serebelamu ya kulia, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni ambao huhudumia mkono wa upande wake, na likaonekana doa dogo kwenye kifundo cha kulia. Kifundo cha kushoto, ambacho ndicho chenye mkono huo, kilikuwa kitupu.

Simlaumu aliyeandika kwamba kazi imehama. Ubongo huhama kweli. Uvimbe unaokua polepole kwa miaka huupa nafasi ya kujipanga upya, na wapo wagonjwa ambao eneo muhimu liliondolewa wakabaki wazima kwa sababu sehemu nyingine ilikwisha kulibeba jukumu. Maelezo hayo yana mantiki, yana mifano, na yanampa kila mtu matumaini. Ndiyo maana ni hatari. Anayeandika "imehama" anasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba upande wa kulia umepokea, na kwamba wa kushoto umenyamaza. La pili lilihitaji ushahidi wake lenyewe, na haukuwapo.

Njia sahihi ni kuuliza: ni mambo gani yanaweza kulifanya eneo linalofanya kazi lionekane tupu?

La kwanza lililojitokeza lilitoka kwa radiografa mwenyewe. Alikuwa ametazama kupitia kioo, akaona kwamba hata kwenye sekunde za mapumziko vidole vya kulia vya fundi havikutulia. Alipoulizwa, fundi alisema bila kuficha: "Nilikuwa naleta uradi, mwanangu. Sauti ya mle ndani inatisha." Alikuwa akihesabu dhikri kwenye pingili za vidole, kama tunavyofanya wengi wetu tukiwa na hofu. Hilo ni jambo zito kwa kipimo hiki. Ramani haionyeshi kazi peke yake. Huonyesha tofauti kati ya kazi na mapumziko. Mkono ukicheza nyakati zote mbili, tofauti hupotea na eneo lililo hai huonekana limekufa. Sijaona onyo hili kwenye maelekezo ya kipimo yaliyoandikwa mbali na hapa, na nadhani kila chumba cha MRI cha pwani kingepaswa kumwambia mgonjwa kabla hajalala: dhikri ilete moyoni, mkono uweke gorofa juu ya paja.

Lakini uradi haukutosha kueleza utupu ule wa kifundo cha kushoto. Mwendo wa mapumziko ungepunguza nguvu ya mtandao mzima wa mkono: serebelamu, eneo la katikati, na kifundo, vyote kwa pamoja. Serebelamu na eneo la katikati vilionekana vizuri. Kipimo kiliporudiwa, mkono ukiwa umetulia, hayo yaliongezeka nguvu na kifundo cha kushoto kikabaki kitupu vilevile.

Halafu kuna kahawa. Fundi hupitisha alasiri na jioni barazani, kahawa tungu haikatiki, na asubuhi ya kipimo alikwisha kunywa vikombe vyake. Kafeini huzuia vipokezi vya adenosini, kemikali ambayo hutanua mishipa, kwa hiyo damu inayoingia ubongoni hupungua. Kiasi cha miligramu 200 au 250 huweza kuipunguza kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa mtu aliyezoea, kuikosa ghafla huipandisha damu hiyo, na wanaofunga wanayajua maumivu ya kichwa ya siku za kwanza za Ramadhani. Mpimaji asiyemuuliza mgonjwa wa Mombasa habari za kahawa, na za muguka au miraa pia, ameacha swali la lazima. Hata hivyo kahawa huenda ubongo mzima. Ingekuwa ndiyo sababu, kifundo cha kulia nacho kingefifia mkono wa kushoto ulipocheza, nacho kiling'aa. Hoja hiyohiyo inaondoa upungufu wa damu, na inaondoa hitilafu ya jumla ya mashine. Tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa cha mahali pamoja.

Kichwa hakikutikisika kupita kiasi. Mistari ya mwendo ilikuwa imetulia. Picha ghafi, zile ambazo bado hazijapakwa rangi, zilitazamwa ili kuona kama mahali pale pana weusi. Uvimbe uliowahi kuvuja damu huacha chuma, na chuma huiua ishara kabisa. Hapo hata shughuli kubwa haiwezi kuonekana. Picha hazikuwa na weusi wowote.

Ikabaki takwimu. Rangi kwenye ramani huwekwa pale ambapo hesabu imevuka kizingiti, na kizingiti huchaguliwa na mtu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki salmoni aliyekwisha kufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zisizosahihishwa zikatoa "shughuli" ndani ya ubongo wake. Somo hilo limetufanya tuwe wakali na vizingiti, na ni haki. Kwa mgonjwa anayesubiri kisu, ukali una gharama yake pia: kuona kisichokuwapo ni kosa, na kutokuona kilichopo kunaweza kuwa kosa kubwa zaidi. Kizingiti kikashushwa hatua kwa hatua. Rangi za ovyo zilianza kuchipuka hadi nje ya ubongo, na kifundo bado kikawa kitupu.

Baada ya yote hayo yalibaki maelezo mawili. Ama seli za kifundo hazifanyi kazi, ama zinafanya kazi na mishipa yake haijibu. Hili la pili linajulikana sana kwa glioma. Kati ya seli za neva na mishipa midogo ya damu husimama seli ziitwazo astrositi, ambazo miguu yake huishika mishipa na kupeleka habari kwamba damu inahitajika. Glioma huingia hasa katika jamii hiyo ya seli. Mawasiliano yakikatika, seli za neva zinaweza kufyatua ishara zake kama kawaida na mishipa isitanuke hata kidogo. Mkono utacheza, na ramani itakuwa tupu. Ukumbuke kwamba fundi alikuwa akicheza vidole vyake vyema, na nguvu za mkono zilipopimwa kitandani zilikuwa karibu kamili. Jambo hilo peke yake lilitosha kuleta shaka tangu mwanzo.

Namna ya kuyatenganisha maelezo haya ni kuiuliza mishipa yenyewe bila kupitia seli za neva. Mtu akizuia pumzi, kaboni dayoksaidi hupanda kwenye damu, na mishipa ya ubongo wote hutanuka. Hakuna kazi ya vidole wala ya maneno. Sehemu yoyote yenye mishipa mizima itang'aa. Fundi alielekezwa apumue kawaida, atoe pumzi taratibu, kisha azuie kwa sekunde 15, arudie mara kadhaa. Tunapendelea azuie baada ya kutoa pumzi kwa sababu wanaovuta kwanza huvuta kila mmoja kwa kiasi chake na matokeo huyumba. Mtu aliyekulia akipiga mbizi kwenye mkono wa bahari wa Tudor hakuona taabu yoyote.

Ubongo wake ulipanda na kushuka na pumzi, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Isipokuwa sehemu moja. Uvimbe wenyewe haukujibu, na jambo la maana zaidi, ukanda unaouzunguka nao haukujibu, ukiwemo mkunjo wote wenye kifundo cha mkono. Mishipa ya pale ilikuwa imepoteza uwezo wa kutanuka. Kwa hiyo utupu wa ramani ya kwanza haukuwa na habari yoyote juu ya seli za neva. Mahali ambapo mishipa haiwezi kujibu, kipimo hiki hakiwezi kusema "ndiyo" wala "hapana".

Na lile doa la upande wa kulia? Hata kwa watu wazima wa afya, vidole vikifanya kazi yenye mpangilio, upande uleule wa mkono huonyesha shughuli ndogo. Kwa kawaida hatuioni kwa sababu upande wa pili umeifunika kwa nguvu zake. Upande wa kushoto ulipozimika kwenye picha, ule mdogo ukabaki peke yake jukwaani ukadhaniwa ndiye mwenye kazi.

Picha nyingine ya MRI, ile inayofuata mwelekeo wa maji kwenye nyuzi za neva, ilionyesha nyuzi zikishuka kutoka kifundo cha kushoto hadi kwenye shina la ubongo, hazijakatika. Haikuwa uthibitisho, lakini ilielekeza kulekule.

Ripoti ya pili iliandikwa upya: kifundo cha mkono cha kushoto hakikuonekana kwenye ramani ya kazi, mishipa ya eneo hilo haijibu kipimo cha pumzi, matokeo ya eneo hilo yasitumiwe kuamua kwamba ni salama kukatwa. Ramani ya pumzi iliwekwa ukurasa mmoja na ramani ya vidole, eneo lisilojibu likachorewa mpaka. Napendelea mpangilio huo kuliko maelezo marefu, kwa kuwa chumbani kwa upasuaji hakuna anayesoma kurasa tano.

Upasuaji ulifanyika Nairobi, fundi akiwa macho kwa sehemu ya kazi. Ubongo hauhisi maumivu. Ganzi ya ngozi na utando hutosha. Hii ni desturi iliyojengwa na Wilder Penfield na wenzake kule Montreal katika karne ya 20, na hata leo ndiyo kipimo ambacho vipimo vingine vyote hupimwa nacho. Daktari hugusa gamba la ubongo kwa umeme wa miliampu chache na kutazama nini kinatokea. Fundi aliombwa aendelee kutaja samaki wake. Umeme ulipoguswa kwenye kifundo, hasa pale palipokuwa patupu kwenye ramani, gumba la kulia lilijikunja lenyewe, na mguso wa kando yake ukakunja kidole cha shahada. Aliendelea kutaja samaki. Daktari aliweka vibandiko vya namba penye kila jibu, akauondoa uvimbe wa mbele yake na kuacha utepe wake uliokuwa ndani ya mkunjo wa mkono.

Kulikuwa na udhaifu wa mkono wiki za mwanzo, ukapungua. Dawa za kifafa anaendelea nazo. Patasi ameishika tena, kwanza kwa kazi za maua makubwa, baadaye kwa nakshi ndogo.

Utepe ulioachwa utafuatiliwa kwa picha kila baada ya miezi, na siku moja swali la kukata tena linaweza kurudi. Wakati huo MRI tendaji itasaidia kidogo kuliko mwanzo: kando ya jeraha la upasuaji hubaki masalia ya damu na chuma chake, yanayozima ishara. Ndiyo sababu picha ya gamba la ubongo yenye vile vibandiko vya namba imewekwa kwenye faili lake pamoja na ramani ya pumzi ya Mombasa, na nakala amepewa mkewe.